Mahakama ya The Hague haikuhalalisha bomu la nyuklia

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika kwenye ukurasa huu kwamba wanaharakati wanaoyapeleka mabomu ya nyuklia mahakamani wanapoteza muda, kwa sababu Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliyahalalisha tangu mwaka 1996. Naomba nafasi nimjibu. Alichoandika si kweli, na uongo huo ukiachwa utazoeleka.

Maoni ya ushauri ya mahakama hiyo, ya Julai 8, 1996, yalitolewa na majaji 14. Wote walikubaliana kwamba hakuna sheria ya kimataifa inayotoa ruhusa mahsusi ya kutumia silaha hizo wala kutishia kuzitumia. Kisha mahakama ikasema kwamba, kwa ujumla, kufanya hivyo ni kinyume cha sheria za vita. Ilichoshindwa kukikatia shauri ni hali moja tu, pale taifa linapojihami likiwa katika hatari ya kuangamia kabisa. Kipengele chenye kauli hizo mbili ndicho kilichogawanya kura saba kwa saba, na Rais wa Mahakama, Mohammed Bedjaoui wa Algeria, akaamua kwa kura yake ya ziada.

Lakini tazameni waliopinga ni akina nani. Watatu kati yao, Weeramantry wa Sri Lanka, Koroma wa Sierra Leone na Shahabuddeen wa Guyana, walipinga kwa kuwa walitaka mahakama iseme bomu hilo ni haramu bila kubakiza mwanya wowote. Ukiwajumlisha na wale saba wa Bedjaoui unapata majaji kumi. Huko ndiko kuhalalisha?

Shauri lenyewe halikuanzia kwa wakubwa. Harold Evans, hakimu mstaafu wa Christchurch, New Zealand, alianza mwaka 1987 kuziandikia serikali barua. Wakajitokeza madaktari, wanasheria na vikundi vya amani, hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaiuliza mahakama swali hilo.

Novemba 1995 alisimama mbele ya majaji Lijon Eknilang wa Visiwa vya Marshall. Machi 1, 1954, Marekani ilipolipua bomu kule Bikini, yeye alikuwa mtoto wa miaka minane kisiwani Rongelap. Unga mweupe ulianguka kutoka angani, watoto wakauchezea. Alipokua, mimba saba zilimharibikia. Aliwaeleza majaji habari za wanawake wa kwao waliojifungua watoto wasio na mifupa, ngozi yao ikipitisha mwanga. Mimi siwezi kusoma ushahidi ule nikaambiwa ulikuwa wa kupoteza muda.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili hiki hiki.

Ni kweli kesi nyingine zimeanguka. Mwaka 1999 hakimu wa Greenock, Uskoti, aliagiza waachiwe huru wanawake watatu waliotupa baharini kompyuta za tishari la utafiti wa nyambizi za nyuklia. Mwaka 2001 mahakama ya juu ikasema hoja zake hazikuwa sahihi. Visiwa vya Marshall navyo viliishtaki Uingereza, na mwaka 2016 kesi ikatupwa kwa kura ya rais wa mahakama hiyo hiyo ya The Hague baada ya majaji kufungana nane kwa nane, kwa hoja kwamba hapakuwa na mgogoro kati ya pande hizo mbili. Kuhusu uhalali wa bomu lenyewe, majaji hawakugusa kitu.

Maoni ya 1996 yanamalizia kwa jambo lililokubaliwa na majaji wote: mataifa yanao wajibu wa kujadiliana kwa nia njema na kuyafikisha mwisho mazungumzo ya kuondoa silaha za nyuklia. Liko katika aya ya 105. Nakuomba, Mhariri, uichapishe aya hiyo nzima kwa Kiswahili kwenye ukurasa huu huu, ili msomaji mwenzangu aisome kwa macho yake.

Mwalimu mstaafu wa Uraia,
Kigoma