Barua kwa mdogo wangu uliyeko Pemba, Kwaresima hii

Mdogo wangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Meseji yako nimeisoma na nimeirudia, hasa pale uliposema huko Pemba Kwaresima haisikiki kabisa, mko wachache, padre hawezi kufika kila siku, Njia ya Msalaba mnasali watu wa kuhesabika na katekista ndiye anayeongoza, halafu mtaa mzima uko kwenye Ramadhani kwa hiyo hata wewe ukishinda na njaa hakuna anayejua unafunga kwa ajili ya nini. Nimeona nikujibu hapa wazi maana najua si wewe peke yako, wapo walimu wenzio na manesi na askari waliopangiwa visiwani kutoka Bara wanaosema hivyo hivyo, kwamba imani yao imebaki parokiani kwao.

Mie nasema imani haijabaki kokote, umekuja nayo kwenye boti.

Hebu rudi kwenye Injili ya Jumatano ya Majivu, mwaka huu 2026 ilikuwa tarehe 18 Februari na Ramadhani nayo ikaandama wiki hiyo hiyo. Tunapakwa majivu halafu hapo hapo tunasomewa Mathayo 6, "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso," yaani watu wasikuone kwamba umefunga, akuone Baba aliye sirini. Sasa wewe unalalamika hakuna anayejua umefunga! Mwenzangu hicho unachokiona ni upungufu ndicho Bwana alichokiomba. Sisi huku mjini Unguja tuna kwaya, tuna jumuiya, tuna watu wa kuulizana umejinyima nini, na ni rahisi sana kufunga kwa ajili ya macho ya jumuiya. Huko kwako hakuna macho, kuna Yeye tu.

Na tafadhali usishindane na majirani. Najua inavyokuwa, mtu anawaona wenzake hawagusi hata maji tangu alfajiri mpaka magharibi basi anaona aibu kwa mfungo wetu. Kanisa linatudai kufunga siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59, mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo visivyofikia mlo, na Ijumaa zote za Kwaresima kutokula nyama kuanzia miaka 14. Hicho ndicho kiwango cha chini, si dari. Lakini niseme ukweli ninavyouona mie, kwa sisi watu wa pwani kuacha nyama Ijumaa halafu ukakaa na changu wa kupaka na wali wa nazi, sheria umeitimiza ila moyo haujaguswa popote. Tafuta kile ambacho ukikiacha kweli utakisikia. Na ukishakiacha, pesa yake isibaki mfukoni, maana Ijumaa ile ya kwanza baada ya Majivu tulisoma Isaya 58 ambapo Mungu anasema wazi saumu anayoitaka ni kumgawia mwenye njaa chakula chako na kumvika aliye uchi, usijifiche na ndugu yako.

Unakumbuka mama alivyokuwa anafanya? Ramadhani bibi wa nyumba ya pili alikuwa akituletea futari, ile sahani ya bati yenye maua mekundu pembeni, muhogo wa nazi umekatwa vipande virefu, kaimati nne tano zinang'aa shira, juu imefunikwa kawa lililopauka rangi, na mtoto wake anapiga hodi kabla hata adhana haijaisha ili chakula kifike na moto. Sahani ile haikurudi tupu hata siku moja. Ramadhani ilipoangukia Kwaresima mama alikuwa anachukua ile pesa ya nyama ya Ijumaa ananunua unga na sukari, anakaanga vitumbua jioni, anajaza sahani anaifunika na kawa lile lile na sisi tunatumwa kurudisha, na yeye mwenyewe havionji. Hakuwahi kutueleza kwamba hiyo ndo Isaya 58. Nimekuja kuisoma ukubwani nikamuona mama mle ndani.

Basi na wewe sahani ikija hapo kwako usiseme asante ukaishia mlangoni. Wafuturie na wewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1965 ulishasema Kanisa linawaheshimu Waislamu wanaomwabudu Mungu mmoja kwa sala, sadaka na kufunga, na ukiangalia vizuri hayo matatu ndiyo hayo hayo ya Mathayo 6. Mchana usile barabarani, si kwa woga, ni heshima tu ya mtu anayeishi na watu.

Sasa hii ndo khasa niliyotaka kukuandikia. Jumapili hii, 8 Machi, ni ya tatu ya Kwaresima na kwa kuwa tuko mwaka A, ule wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Jumapili, tunasoma Yohane 4, Yesu na mwanamke Msamaria kisimani. Isome kabla, isome Jumamosi usiku yote, ni ndefu lakini usikate. Saa sita mchana, jua la utosi, Yesu amechoka na safari amekaa kisimani na hana hata kitu cha kutekea, na anamuomba maji mtu ambaye kwa desturi za wakati ule hawakuchangamana kabisa. "Nipe maji ninywe." Mwanamke anashangaa, imekuwaje wewe Myahudi unataka maji kwangu? Mdogo wangu, mie kila nikifika hapo nasimama. Bwana hakuanza na mahubiri, alianza na kiu yake, alianza kwa kuhitaji kitu kutoka kwa mtu wa dini nyingine. Ndiyo yakafuata mengine yote, maji yaliyo hai, kuabudu katika roho na kweli, mpaka yule mama akauacha mtungi pale pale akakimbia mjini kuita watu.

Sisi wachache visiwani tunajifikiria kama watu wa kuvumiliwa, tunajibana, tunajifungia na wenzetu wa Bara tunaongea ya kwetu. Mie naona Yohane 4 inatutaka tuwe watu wa kuomba maji. Muombe jirani akufundishe kupika pweza, muulize mzee wa jirani kisima cha mtaa kilichimbwa na nani, mwambie mwalimu mwenzio skuli kwamba na wewe uko kwenye mfungo wako na umwombe akuombee. Jaribu uone.

Na somo la kwanza siku hiyo ni Kutoka 17, wana wa Israeli wana kiu jangwani wanamnung'unikia Musa mpaka wanauliza "Je, Bwana yu kati yetu au sivyo?" Huku mtaani kwetu juzi mabomba yamekauka tena, wanawake tumepanga madumu tangu saa kumi na moja alfajiri, wenye daku na wasio na daku foleni moja, na nikawa nalisikia lile swali kila mtu anapokung'uta dumu lake. Zaburi ya siku hiyo ndo jibu, msifanye migumu mioyo yenu.

Jumapili zitakazofuata zinaendelea hivyo hivyo, tarehe 15 kipofu tangu kuzaliwa, tarehe 22 Lazaro, na hizo tatu zimewekwa kwa ajili ya wakatekumeni watakaobatizwa Mkesha wa Pasaka. Katikati hapo 19 Machi ni Mtakatifu Yosefu, somo wa Minara Miwili, kanisa kuu letu hapa Unguja, na Idi itakuwa karibu kabisa na siku hiyo, mwezi ukiandama.

Kuhusu uchache, usikuogopeshe. Wamisionari Wakatoliki wa kwanza walifika Unguja 1860, Mapadre wa Roho Mtakatifu wakafuata 1863, wachache mno, wakawakomboa watumwa na kuwatunza wagonjwa, na ni hapa hapa Unguja walipoanzia kabla hawajavuka kwenda Bagamoyo 1868. Kanisa la Minara Miwili lenyewe lilijengwa miaka ya 1890, jimbo likaja 1980.

Na hatujasahau Jumapili ile ya 17 Februari 2013, ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, Padre Evaristus Mushi alipouawa kwa risasi huko Betrasi, hapa Unguja, akienda kuadhimisha Misa. Siku hiyo bibi wa nyumba ya pili alikuja akakaa na mama kwenye mkeka mpaka magharibi, hakusema mengi, alimshika mkono tu. Injili ya siku hiyo ilikuwa Yesu anajaribiwa jangwani, na jaribu kubwa la siku zile lilikuwa chuki. Mama alishindana nalo kwa rozari na kwa sahani ile ile, hakuacha kuipeleka.

Umeuliza kama uje Unguja Wiki Kuu. Natamani kukuona lakini nakuomba ubaki na kigango chako, mkiwa kumi na wewe ukiondoka mnabaki tisa. Alhamisi Kuu ni 2 Aprili, Pasaka 5 Aprili. Muulize katekista mapema atakupa kazi gani, na kama padre atafika kwenu usiku wa Mkesha jitolee kusoma. Masomo ya Agano la Kale ni saba, yanaweza kupunguzwa lakini la Kutoka 14, kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Liombe hilo. Anza kulisoma kwa sauti kuanzia sasa, majina na vituo uvijue, maana lina sentensi ndefu na usiku ule umeme ukikatika utasoma kwa mshumaa.

Dada yako.