Kile kidude cha karibu na antena

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, watoto wako shule na mihogo imestawi. Natumai na kwako hamjambo, na kazi inakwenda.

Siku ile kibandani kwako ulinionyesha kwa kioo cha kukuzia kile kidude cha milimita moja na nusu hivi, karibu na njia ya antena. Ulisema kikifa simu inakosa mtandao, unakibandua na kuweka kingine, ila hakuna aliyewahi kukwambia ndani kuna nini. Niliondoka na swali lako.

Kidude hicho ni filta, yaani chujio la mawimbi ya redio. Ndani kuna kipande cha kristali, mara nyingi lithiamu niobeti au lithiamu tantaleti, na juu yake vijistari vya chuma vinavyoingiliana kama meno ya vitana viwili. Umeme wa redio ukifika kwenye meno hayo kristali hutetemeka, na mtetemo hutambaa juu juu kwa mwendo wa kama kilomita 4 kwa sekunde. Kwa masafa ya gigahezi 1 (mitetemo bilioni moja kwa sekunde), wimbi moja lina urefu wa mikroni 4 tu, yaani sehemu 4 kati ya elfu za milimita, na kila jino ni robo yake, mikroni 1! Masafa yanayolingana na nafasi za meno hupita, mengine hufia humo. Vitana hivyo ni kazi ya watafiti White na Voltmer, Marekani, mwaka 1965. Wimbi lenyewe mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alikwisha kulionyesha kwa hesabu mwaka 1885.

Lakini lililonishika zaidi ni hili. Wimbi la Rayleigh huinuka na kushuka. Lile la kuyumba kushoto na kulia haliwezi kukaa juu ya kitu kigumu cha aina moja. Huzama likapotelea ndani. Mwaka 1911 mwanahisabati Mwingereza Love alionyesha kwamba ukiweka tabaka laini juu ya kitu hicho kigumu, wimbi hilo linanaswa. Sasa panga matabaka yakipishana, laini, gumu, laini, gumu, hadi chini kabisa, kila moja unene wa robo ya wimbi. Jana usiku nilikaa na karatasi nikakokotoa. Juu, palipo wazi, tabaka linayumba kwa nguvu zote. Mwisho wa lile laini myumbo ni sifuri. Mwisho wa lile gumu unarudi, ila umepungua. Gumu likiwa na ukinzani (yaani msongamano mara kasi ya wimbi) mara mbili ya laini, myumbo unakuwa nusu, kisha robo, kisha thumuni. Wimbi limepata makao.

Geuza rundo, gumu likae juu: hesabu ileile inatoa moja, mbili, nne, inazidi kukua kwenda chini. Hapo wimbi halikai. Vitu vilevile, unene uleule, tofauti ni kipi umekiacha juu. Niliitazama karatasi ile muda mrefu sana.

Na rundo hilo limo mezani kwako pia. Zipo filta ambazo utando wake unaotetemeka umekalishwa juu ya matabaka ya tangsteni na oksidi ya silikoni yanayopishana, kila moja robo ya wimbi, ili mtetemo usivuje kwenda chini.

Simu zilizokufa usizitupe bodi zake. Nibandulie vidude vitatu vinne, uvifunge kwenye karatasi, umpe dereva wa basi la Ijumaa. Shuleni tunayo hadubini moja nzima, na kidato cha nne wanaanza mada ya mawimbi Jumatatu.

Wasalimie wote.

Wako wa dawati moja