Barua kwa mwanangu: kabla hujaondoka nitumie namba

Mwanangu,

Voisi zangu najua huzisikilizi hadi mwisho, ndo maana nakuandikia. Ile filamu ya Rosewater uliyoniwekea kwenye flashi tumeiangalia jana, mdogo wako ananitafsiria. Sasa ulinipa nijiburudishe au ulitaka nipandishe presha wiki hii hii unayosafiri?

Wenzangu walimwangalia huyo mwandishi, Maziar Bahari, mi nilikuwa na mama yake tu. Bi mkubwa yuko kwake Tehran huko Iran, Juni 2009, uchaguzi umeisha juzi na watu wamejaa barabarani wanasema kura zimeibiwa, asubuhi wanaume wanaingia wanamkuta kijana kitandani, wanapekua mpaka kanda zake za filamu wanauliza hizi za uchafu au vipi. Na yule mama mumewe alishafungwa enzi za Shah, yule mfalme wao, binti yake akafungwa enzi za Khomeini wa mapinduzi, huyu ndo wa tatu. Nikajiuliza hapo mi ningempigia nani? Kazini kwenu simjui hata mlinzi. Nitumie namba ya mhariri wako, na ya wakili kama mnaye.

Usiniambie we mtu mdogo nani atakufuata. Yule kosa lake si alifanya utani na kipindi cha vichekesho cha Marekani, mchekeshaji anajifanya jasusi, wale wakauleta gerezani kama ushahidi kwamba kakutana na jasusi kweli! Na we vijembe vyako mtandaoni tunavisoma, vinachekesha, shangazi yako anavirusha kila grupu, ila huko unakokwenda kuripoti uchaguzi wa watu atakuchekea nani?

Siku 118 alikaa gereza la Evin, mwenyewe chumbani, akihojiwa anafungwa kitambaa machoni, anayemhoji anamjua kwa harufu ya marashi ya mawaridi. Marashi haya haya tunayorashia watu kwenye maulidi. Mrashi wangu nimeupandisha juu ya kabati, baba yako ananicheka, acheke.

Kilichomsaidia ni kelele za nje. Mchumba wake yuko London na mimba yake anahangaika, jarida lake linapiga kelele, mpaka Hillary Clinton kamtaja na walinzi wakaanza kumwangalia vingine. Oktoba katoka kwa dhamana, mtoto hajazaliwa bado. We nani atakutaja kama hata namba sina?

Na usione ni mambo ya Iran. 2019 walimchukua mwandishi Kabendera nyumbani kwake hapo hapo Dar, mwisho wa mwaka mama yake akafariki mwanawe yuko rumande na mahakama ikamnyima ruhusa ya kwenda kumuaga. Katoka Februari 2020, kaburi limeshakauka. Ile habari we mwenyewe ndo ulinisomea, na sauti haikutetemeka, nikasema huyu mtoto ana moyo, afu usiku sikulala.

Sikukatazi kazi. Baba yako anasema mi ndo nilikuharibu kukuachia redio mpaka saa sita usiku, haya, na ile ripoti yako ya maji kaikata gazetini kaiweka kwenye bahasha ya hati za shamba, sijui nani kaharibu nani. Ila kula vizuri, simu isizime, na wakikushika usisaini kitu kwa hasira wala kwa kutaka kurudi nyumbani haraka.

Namba mbili tu, mwanangu, nitaziandika ukutani kwa mkaa ikibidi.

Mbuzi kazaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri. Bati la jiko la uani limeng'oka na upepo wa juzi, fundi anataka nusu kabla ya Jumamosi. Hiyo hela usimtumie baba yako, tuma kwangu, yeye akishika hela ya bati anarudi na saruji.

Mama yako