Barua ya Wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Mwanza: Majalada ya Sinema Zetu Yafunguliwe

Mstahiki Meya,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Isamilo, mzaliwa wa hapahapa Mwanza. Ninalokuomba ni dogo kwa bajeti ila halingojei: uagize majalada ya zamani ya majumba ya sinema ya mji wetu yatafutwe na kufunguliwa kwa wasomaji, na wazee waliofanya kazi humo warekodiwe wangali hai.

Mwaka huu tulimzika mjomba wangu, aliyekuwa opareta wa sinema. Baada ya arobaini, mkaza mjomba aliniita akanikabidhi mkebe wa biskuti ulioota kutu. Ndani mlikuwa na vipande vya mkanda, vile alivyokuwa akivikata mkanda ulipokatika na kuungwa upya. Nilichukua kimoja nikakielekeza kwenye taa. Kila picha ina matundu manne huku na manne huku, na katikati yuko mwanamke wa Kihindi amegeuza shingo kama aliyeitwa. Rangi zote zimekufa, imebaki nyekundu peke yake. Picha sita zimefuatana na uso haujasogea hata kidogo, kwa sababu zilipokuwa zikionyeshwa zilipita 24 kwa sekunde moja. Pembeni mjomba ameandika namba kwa wino. Namba hizo zilikuwa na maana gani, hakuna aliyebaki wa kunieleza.

Watu walidhani kazi ya opareta ni kuwasha na kuzima. Nikiwa mtoto alinipandisha mara kadhaa kwenye kile chumba cha juu, chenye joto la tanuri, nikamwona. Mashine zilikuwa mbili. Mkanda mmoja mkubwa uliisha kwa dakika kama 20, kwa hiyo picha la Kihindi la saa tatu lilitaka mikanda tisa hivi, na mashine zipokezane bila mtazamaji kugundua. Mkanda ukikaribia kwisha, kidoa cha duara kilimulika juu kulia kwenye pazia. Mjomba anaweka mkono tayari. Kidoa cha pili kikitokea, anafungua hii na kufunga ile, kwa pumzi moja. Tangu aliponionyesha vidoa vile sikuweza tena kutoviona. Na mwanga wenyewe haukuwa wa balbu. Vilikuwa vijiti viwili vya kaboni vikiwaka ncha kwa ncha, vikipungua kama mishumaa, naye akivisogeza kidogokidogo kwa mkono huku jicho liko kwenye kitundu cha ukutani. Akisahau, pazia linageuka kahawia, na kule chini ukumbi mzima unapiga mbinja: “Opareta! Opareta!”

Kwetu sisi wa zamani, neno Liberty lilikuwa sinema kwanza. Leo bodaboda ukimwambia akupeleke Liberty atakufikisha bila kuuliza, maana mtaa bado una jina hilo, lakini muulize Liberty ilikuwa nini. Nimewauliza watatu. Wawili hawakujua, wa tatu alidhani ni jina la Mzungu.

Mstahiki, huku Bara tulikaa bila kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa miongo yote kabla ya hapo, mtu wa Mwanza aliyetaka kuona picha zinazotembea alikwenda sinema, au alingoja gari la sinema ya bure lifike kwao na kutandika shuka jeupe. Humo ndani mpagazi wa bandarini alikaa chini ya paa moja na mfanyabiashara wa Kihindi, ingawa huyu alikuwa balkoni na yule kule mbele, shingo juu. Wanawake walitoka na nyimbo za Kihindi mdomoni, wakaziimba wakifua, bila kujua neno moja la lugha ile. Wakati wa Bruce Lee sisi wavulana tulirudi nyumbani tukipigana mateke njia nzima. “Steringi hafi,” tulisema, na leo wajukuu wangu wanasema hivyohivyo bila kujua usemi umetoka wapi. Tiketi zikiisha dirishani, walanguzi wanazo nje, na bei ni yao. Karanga zilifungwa kwenye karatasi ya gazeti iliyosokotwa kama pembe. Ukimaliza karanga, unasoma gazeti taa zikiwashwa.

Wengi husema video ndiyo iliyoua sinema. Mimi siafiki kwamba ni video peke yake. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, na baadaye uingizaji na usambazaji wa filamu ukawekwa mikononi mwake. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majengo mengi ya mijini yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zikawa adimu. Mjomba alisema kuna kipindi walionyesha mkanda uleule mpaka ukawa unapita na mvua, yaani ile mikwaruzo ya wima inayoteremka kwenye pazia. Video ilipoingia miaka ya 1980, ilimkuta mgonjwa tayari kitandani.

Nayasema haya si kwa kumlaumu mtu. Nayasema kwa sababu kila hatua kati ya hizo iliacha karatasi. Palikuwa na ramani na kibali cha ujenzi. Palikuwa na leseni. Palikuwa na hati ya jengo kuhamishwa kwa Msajili, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mtu akizifuata karatasi hizo kwa subira atajua nani alijenga, mwaka gani, viti vingapi, na ukumbi uligeuzwa lini kuwa kitu kingine. Zanzibar wanajua kwamba ukumbi wao wa Royal wa mwaka 1921 ulichorwa na John Sinclair, kwamba uliungua, na kwamba Majestic iliyosimama pale leo ni ya mwaka 1955. Wanajua kwa sababu kuna walioandika. Sisi hatujaandika.

Nilijaribu. Mwaka jana nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma, siitaji, nikaomba kuona majalada ya majengo ya miaka ya 1950. Nilizungushwa siku nne. Siku ya nne kijana mmoja, kwa upole kabisa, akaniambia: “Mzee, hayo ni ya zamani sana, labda yalishatupwa.” Neno lile “labda” ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa kipimo cha kufungua nyaraka za umma kwa wananchi. Majalada ninayoyasema yameshavuka muda huo mara mbili.

Na tusitegemee Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ituokoe yenyewe. Kwa sheria hiyo, jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa moja kwa moja. La baadaye linahitaji Waziri alitangaze. Maonyesho ya sinema ya kulipia yalianza miaka ya 1890. Hakuna sinema popote duniani inayoweza kufikia umri huo, kwa hiyo zetu zikingoja kulindwa kwa uzee tu zitangoja milele.

Hivyo naomba, Mstahiki, mwongozo wako kwa wataalamu wa jiji. Masjala ipekuliwe, kitakachopatikana kipigwe picha na kuorodheshwa. Kabla ya kutoa kibali cha kubomoa ukumbi wowote uliowahi kuwa sinema, jengo lipimwe na kupigwa picha ndani na nje, hasa kile chumba cha juu, ambacho mafundi hukivunja kwanza. Sizuii mtu kuendeleza mali yake. Kupima kunachukua siku moja.

Kuhusu wazee, kazi hiyo nimeianza mwenyewe kwa simu yangu. Yupo Mabatini mzee aliyekuwa akichana tiketi mlangoni. Macho yamekwisha, lakini ukimtajia safu na namba ya kiti anakuambia kilikuwa upande gani na kama kilikuwa na msumari. Nimeshakaa naye mara mbili. Tafadhali nipe kijana mmoja wa jiji mwenye kinasa sauti kizuri, twende wote mara ya tatu. Asubuhi ndiyo saa yake nzuri, kabla ya jua kali. Mkebe wa mjomba nitakuja nao.

Wako katika ujenzi wa jiji letu,

Mwalimu mstaafu,
Isamilo, Mwanza