Shukrani kwa fundi wa Tabora mjini

Kaka fundi, uliondoka bila kutaja jina. Asante sana kwa kuitengeneza ile gari, Mazda MX-5! Tangu ifungwe breki kubwa, tairi za nyuma zilikuwa nzito kuzunguka na rimu zinachoma mkono. Ulilegeza niple (kijiskrubu cha kutolea mafuta ya breki) ya kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Mafuta yakatoka, tairi bado zito. Basi si presha ya mafuta iliyobana, ni handibreki. Ukalegeza waya wa handibreki mpaka mkono wa kalipa unaovutwa na waya huo ukarudi wote. Wengi hukaza waya kwanza, na hapo ndipo wanapoharibu. Kisha ukafungua bolti ya nyuma ya kalipa kwa spana 14, ukaingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) namba 4, ukakaza hadi diski ikashikwa, ukarudisha theluthi ya mzunguko. Kurekebisha waya kukaja mwisho. Sasa tairi linazunguka kwa kidole. Mungu akuzidishie, kaka.