Rehema, kutokula nguruwe hakumkingi Shabani

Vwawa, Mbozi
Jumapili usiku

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Shabani ameanguka mara tatu tangu mvune mahindi, na bibi yake anasema ni degedege. Dada yangu, degedege huwapata watoto wadogo, wa chini ya miaka 5, tena mwili ukiwa unachemka kwa homa. Shabani ana miaka 11, na umesema hana homa. Hayo uliyoyaeleza yanafanana na kifafa.

Lakini kilichoninyima usingizi ni pale ulipoandika kwamba mambo ya minyoo ya nguruwe hayawahusu kwa kuwa nyumba yenu ni ya Kiislamu. Hapana, Rehema. Huku Mbozi tumeyaona. Anayekula kitimoto kisichoiva, chenye vile vifuko vyeupe kama punje za mchele, ndiye anayepata tegu tumboni, mnyoo wa mita kadhaa, na anaweza kukaa nao asijue. Akienda haja, mayai yanatoka. Asiponawa mikono kisha akakanda maandazi, au kinyesi kikifika kwenye bustani ya mchicha, mayai hayo humwingia mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kuonja nguruwe. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi hupita kwenye damu, vingine hutulia ndani ya ubongo na kuwa vifuko. Miaka inaweza kupita ndipo mtu aanze kuanguka.

Sisemi ndicho alicho nacho Shabani. Kifafa huletwa pia na kuumia kichwa, na malaria iliyopanda kichwani, na matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Wengine chanzo hakijulikani. Daktari ndiye wa kuamua, na huenda akataka picha ya kichwa, ile ya CT, hospitali ya rufaa. Ila nakuomba sana: usimnunulie dawa ya minyoo dukani. Vifuko vikifa kwa ghafla ubongo unaweza kuvimba, ndiyo maana hospitali hutoa dawa hizo pamoja na za kuzuia uvimbe, huku wakimwangalia.

Mdogo wangu naye ana kifafa, na siku moja aliangukia mafiga yenye moto. Waliokuwepo walikimbia, wakiogopa mate yake. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeshikana mpaka leo, na hicho hakikuwa kifafa, Rehema, ulikuwa woga wetu. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mtu. Shabani akianguka, ondoeni moto na vitu vigumu, mlazeni ubavu, msimbane, msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 bado anatupa mikono, mkimbizeni hospitali.

Mdogo wangu alianzishiwa fenobabitoni, vidonge vya kuzuia kifafa. Alipokaa miezi minne bila kuanguka mama akaona amepona, vidonge vikawekwa kabatini. Wiki ile ile akaanguka mara mbili kwa siku moja. Dawa hizi haziachwi bila daktari, hata mtoto akionekana mzima kabisa.

Kabla hamjaenda, andika kwenye daftari kila alivyoanguka: saa ngapi, upande upi ulianza kutikisika, alizinduka baada ya muda gani. Daktari ataliuliza hilo kwanza.

Alhamisi nitapanda basi linalotoka Tunduma, nishuke Mafinga mchana. Twende naye wote.

Nduguyo,
Mama Atu