Mlima ukiwaka ni wetu, usipowaka si wetu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi bila kuandika neno, lakini habari yenu ya tahadhari ya moto Mlima Kilimanjaro imenishinda kunyamazia. Eti sisi tunaopakana na hifadhi ndio tupewe elimu.

Elimu ipi? Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, huko juu njia ya Marangu, wanapopumzikia wageni na wapagazi. Sisi tulikuwa chini vihambani na migomba yetu. Zikateketea zaidi ya kilomita za mraba 90. Oktoba 2022 ukawaka tena, upande wa kambi ya Karanga, huko huko juu mlimani. Na huko hakuna shamba la mtu.

Kijana wangu alipandishwa mlimani na wenzake kwenda kuzima. Silaha aliyopewa ni tawi. Tawi, Mhariri! Ile miti ya Erika ina majani membamba kama sindano, ikikauka kiangazi inalipuka, na chini yake moto unafukuta kwenye mizizi na majani yaliyooza. Unageuka ukidhani umezima, upepo unauamsha nyuma yako. Mwenyewe miguuni ana yeboyebo. Alirudi nyayo zimebabuka, akashukuriwa kwa soda na biskuti. Baadaye mama yake akakamatwa na mzigo wa kuni kavu, akatozwa faini, na panga likabaki huko huko. Kwa hiyo kuni kavu zikilala msituni ni uhifadhi, zikiwa kichwani mwa mama ni kosa, zikishika moto ni kazi ya mwanangu.

Na hapo sijagusa nusu maili, ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji vyetu. Ukanda ule ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao; mwaka 2005 msitu ukaingizwa hifadhini, na tangu hapo tunaingia kwa masharti, tukitazamwa kama wezi. Tunaambiwa tutumie gesi. Mtungi ukiisha tarehe kumi na kahawa haijalipwa, tupikie ahadi?

Wataalamu waliopima wanasema moto wa tangu 1976 umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na Erika ndiyo inayokamata maji ya ukungu. Mifongo yetu, mifereji inayotuletea maji kutoka mlimani, inakauka, bado tunahutubiwa.

Ushauri wangu ni mdogo. Mikingamoto, yale mapito ya kuzuia moto usivuke, ifyekwe Julai, wakati majani hayajakauka, na vijana wa vijiji walipwe kuifyeka. Pesa za viingilio zipo. Wapagazi wasiwashe jiko nje ya kambi. Kila kijiji kinachopakana na msitu kiwe na stoo yenye mapanga, mabomba ya maji ya mgongoni na viatu vya ngozi, na ufunguo akae nao mwenyekiti wa kitongoji, si ofisi inayofungwa saa tisa na nusu. Hilo likishindikana, basi wakubwa waje Oktoba wapande na matawi yao. Tutawakatia sisi, bure.

Mwanangu anavaa namba 42.

Mkazi wa Marangu,
Kilimanjaro